Kiti cha Bravin

Jua lilipozama na Sabato ikaisha, Nyanchera alitoka nje akaingia nyuma ya gari la mume wake kufunga kiti cha mtoto. Kiti kilitoka Minnesota, ndani ya mzigo wa rafiki wa Sheila, dada ya mume wake, na ubavuni kilikuwa na picha za kuonyesha kila jambo: mtoto aangalie nyuma ya gari, kiti kisikae mbele kamwe, mkanda wa gari upite hapa na ubanwe pale. Picha hazikuijua Toyota Fielder kuukuu ya Keroka. Mkanda wa katikati ulikuwa umezama chini ya kiti tangu gari linunuliwe, na ule wa nyuma ya dereva ulikuwa umekwama, ukiuvuta hautoki. Mkanda mzima ulikuwa mmoja tu, nyuma ya abiria wa mbele. Basi hapo ndipo palikuwa mahali pa mtoto, na hapakuwa na pengine.

Alipiga goti ndani ya kiti, akavuta mkanda kwa uzito wake wote, kisha akakishika akakitikisa. Kilicheza. Akafungua akaanza upya. Alipokitikisa tena hakikucheza. Gari zima ndilo lilitikisika. Akarudi ndani anatokwa jasho na amefurahi.

"Kazi yote hiyo kwa safari ya Kenyenya," alisema Jasper akiwa kwenye kochi, macho yako kwa simu. "Sisi tulibebwa mgongoni na tukakua."

"Waliokua ndio wako hapa wa kuongea," Nyanchera akamjibu.

Jasper alikijua kisa chenyewe. Mwaka uliotangulia, kwenye mteremko wa kutoka Keroka, gari dogo lilikuwa limegonga lori la majani chai lililosimama kando ya barabara. Halikuwa likikimbia sana. Watu wazima wote walitoka wakijipangusa, na mama aliyekaa mbele alikuwa na mkwaruzo mmoja mkononi. Mtoto alikuwa amepakatwa naye. Nyanchera, aliyekuwa akipita kwa miguu kupeleka sare za shule alizoshona, ndiye aliyevua leso yake kiunoni wakamfunika nayo. Leso hiyo hakurudishiwa, na hakuiulizia.

Safari ya kesho yake ilikuwa ya kumpeleka Bravin kwa mama mzazi wa Nyanchera. Mama Roselyne alikuwa na mguu mbovu usiomruhusu kusafiri, na mjukuu wake wa miezi minne alikuwa akimwona kwenye simu tu. Mpango wa kukaa ulikuwa umekubaliwa wiki nzima. Mbele atakaa baba mkwe, Mzee Thadeus. Nyuma watakaa mtoto, Nyanchera na mama mkwe, Persis. Katika sehemu hii ya Kisii baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai kiti kimoja, hawapeani mikono, na mzee haingii nyumba ya mwanawe hata mvua ikimnyea mlangoni. Heshima hiyo wanaiita chinsoni, na Nyanchera hakuwa na ugomvi nayo. Kila mtu alikuwa na mahali pake na gari lilitosha.

*

Asubuhi ya Jumapili wazee walifika mapema kwa pikipiki kutoka kijijini kwao upande wa Nyamira. Persis aliingia ndani kumvika mjukuu sweta. Mzee Thadeus, mwembamba, kofia magotini, alikaa kwenye benchi la veranda mbele ya kibanda cha kushonea cha Nyanchera, kilichopakana na nyumba yao kando ya soko, mgongo ameuelekeza mlangoni. Ndizi, unga na kreti ya soda vilikuwa vimeshapakiwa kwenye buti. Jasper alikuwa amekwenda kutia mafuta.

Aliporudi hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha mbele alikaa Angwenyi, mwenyekiti wa chama cha wakulima, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, suti ya kijivu na fimbo ya kutembelea isiyokuwa na kazi. Hakushuka. Aliinua mkono dirishani kama anayesalimu mkutano.

"Wazazi, hamjambo? Nimesikia mna safari ya ukweni. Mtaendaje bila msemaji?"

Jasper alimvuta mke wake, aliyezoea kumwita Val, nyuma ya gari, karibu na buti.

"Mwenyekiti anakuja nasi. Atatuongelea huko kwenu."

"Kwetu kunaongelewa nini? Si tunapeleka mtoto?"

"Punguza sauti."

"Na baba atakaa wapi?"

"Nyuma, na mama."

Nyanchera alielewa kabla hajamaliza. Mzee akikaa nyuma, yeye hawezi kukaa nyuma.

"Na mimi?"

"Unajua hiyo heshima si mimi niliyeiunda," Jasper alisema, na akaweza hata kuonekana mwenye huzuni. "Panda gari ya abiria hadi Kisii, utupate pale. Tutapanga vizuri tukifika."

"Niende kwetu na gari ya abiria, na gari ya mume wangu inaenda hukohuko?"

"Val, tafadhali. Unajua mbolea ya chama ananunua nani mwaka huu."

Hapo sasa ukweli ukatoka. Jasper alikuwa na duka la pembejeo sokoni, na mbolea ya wakulima wote wa chama ilikuwa inatafuta duka la kununuliwa. Alikuwa amemtafuta Angwenyi tangu mwaka uanze, akimpisha kwenye foleni, akimnunulia chai, na sasa amempata: amempa kiti cha mbele cha gari lake, ambacho kilikuwa cha baba yake. Hasira inayostahili kumwagwa hapa si kidogo, maana mtu huyu hakuthubutu kumwambia baba yake kwamba amemtoa kiti kwa ajili ya biashara. Aliificha biashara yake ndani ya chinsoni, na hakuna aliyeulizwa.

Nyanchera alimfikiria mama yake, ambaye tangu alfajiri lazima alikuwa amekaa kwenye kigoda akiangalia barabara. Akasema, "Sawa. Nitapanda ya abiria. Lakini Bravin anakaa kwa kiti chake, hapo nilipokifunga."

"Hiyo haina shida," Jasper alisema haraka.

Akamnyonyesha mtoto, akamweka kwenye kiti, akapitisha mikanda midogo mabegani na kuibana mpaka vidole vyake visipate mkanda uliolegea wa kufinya. Mtoto alimtazama na kucheka bila meno. Mzee Thadeus akaingia kupitia mlango wa pili, Persis akakaa katikati karibu na mjukuu. Hapo yote yangeweza kuisha kwa amani, na huyu mama wa watu angekwenda kwao akiwa amedhalilishwa kidogo tu, kama kawaida.

*

"Kuna kitu kinanisukuma mgongoni," alisema Angwenyi.

Alikuwa ameshika kile chuma cha chini cha kurudisha kiti nyuma. Akakivuta, akajisukuma kwa mgongo wake mpana. Kiti cha mbele kilirudi kikagonga kiti cha mtoto, nacho kikalia, kikainuka upande mmoja. Kichwa cha Bravin kikaanguka mbele, kidevu kikagusa kifua.

"Mwenyekiti, ngoja, tafadhali," Nyanchera alisema akifungua mlango. "Hapo nyuma yako kuna mtoto. Ukirudi nyuma unakilegeza kiti chake."

"Mimi nina goti bovu, mama. Daktari amesema mguu huu unyooshwe."

"Ukienda mbele kidogo tu. Baba angekaa hapo bila shida."

"Mzee wenu ni mwembamba," Angwenyi alicheka, na Jasper akacheka naye. Mzee Thadeus hakucheka. "Hamisheni hiyo kitu upande ule mwingine."

"Upande ule mkanda umekwama."

"Iweke katikati."

"Katikati hakuna mkanda."

"Basi itoeni. Ni safari ya wapi? Ni hapo Kenyenya." Jua la asubuhi lilikuwa likimpiga usoni, akateremsha kile kibao cha kuzuia jua juu ya kioo. Kwenye kibao palikuwa na karatasi ya Kijapani ambayo hakuna mtu wa familia hii aliyewahi kuisoma, na katikati yake picha ya kiti cha mtoto mchanga kwenye kiti cha mbele, imekatwa kwa mstari mwekundu. Ilikuwa mbele ya macho yake. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea nyuma. "Nileteeni huyu kijana nimpakate hapa mbele. Aone barabara. Watoto wangapi nimewapakata mimi, na wengine leo ni madaktari?"

Akalisema kwa wema, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Mikono ile minene ilikuwa imenyooka, na kila mtu kwenye gari aliona kwamba mtu mkubwa amejishusha kumheshimu mtoto mdogo. Jasper alikuwa tayari ametoka, anafungua vifungo vya mtoto.

"Usimtoe," alisema Nyanchera.

"Val."

"Nimesema usimtoe. Mwenyekiti, asante sana. Mtoto wangu hapakatwi mbele."

Mafundi wa viatu wa pale kando waliacha nyundo. Muuza miwa akasimama na kisu chake. Angwenyi alirudisha mikono yake taratibu akaiweka juu ya fimbo.

"Jasper," alisema bila kumtazama Nyanchera, "sikujua nyumbani kwako ni mama anayepanga watu kwa gari."

Kwa Jasper maneno hayo yalikuwa mbolea yote ya mwaka ikimwagika barabarani. Akamgeukia mke wake, na sauti aliyotumia haikuwa ya kumzuia mtu asisikie.

"Unaniaibisha mbele ya watu kwa sababu ya plastiki? Mwenyekiti mzima anakupakatia mtoto, wewe ni nani ukatae? Sheila alikutumia kiti, sasa umekuwa Mwamerika?"

"Ulikuwa nyumbani siku nilipokuja bila leso," Nyanchera alisema. "Ulinimwagia maji nikaosha miguu. Unajua kile nilikuwa nimekanyaga. Sasa unaniuliza mimi ni nani?"

"Hiyo ilikuwa ajali. Kila siku kuna ajali?"

"Kila siku hakuna mtoto mwingine."

Persis aliona aibu ya mwanawe, akajaribu kuzima moto kwa njia yake. "Mke wa mwanangu, mimi nimelea saba. Wacha mwenyekiti ambebe, njiani tutaomba Mungu."

"Mama, ombeni. Hata mimi nitaomba. Lakini atakuwa amefungwa."

Akaingiza mkono, akafungua mkanda wa gari uliomtoa jasho usiku uliopita, akakitoa kiti na mtoto akiwa ndani, akakiweka kwenye veranda mbele ya mashine yake ya kushonea.

"Nendeni," alisema. "Mwenyekiti, sasa unaweza kunyoosha mguu."

Jasper alimngoja aombe msamaha. Alimngoja kwa muda ambao gari lilikuwa likinguruma bure, watu wanatazama, Angwenyi anatazama saa. Kisha akasema kile ambacho mwanamume mwenye hofu husema akitaka kuonekana hana hofu.

"Basi baki. Sisi tunaenda. Watu wamechinja kuku huko, siwezi kuchelewa ukweni kwa sababu ya kichwa ngumu ya mtu mmoja."

Nao wakaondoka kumpeleka mtoto kwa bibi yake, mtoto akiwa amebaki.

*

Hawakuwa wamefika mbali. Kwenye kituo cha mafuta, mwisho wa mji, Mzee Thadeus alisema, "Simamisha hapa."

"Baba, tumechelewa."

"Nimesema simamisha."

Jasper aliegesha akidhani mzee ana haja ndogo. Mzee alishuka, akavaa kofia yake, akafunga mlango kwa utaratibu na kusimama karibu na dirisha.

"Haya, endeni."

"Na wewe je?"

"Mimi narudi."

Angwenyi aligeuza shingo. "Mzee, hiyo itaonekanaje? Tufike ukweni bila baba ya kijana?"

"Mnaenda bila mtoto," Mzee Thadeus alisema, "na ni mimi mnaona nimekosekana?"

Akageuka akaanza kutembea. Jasper alimtazama kwenye kioo mpaka alipopotea nyuma ya malori. Halafu akaona kitu kingine kwenye kioo kilekile: kiti cha nyuma chote kilikuwa wazi, ila mama yake aliyejibana pembeni akishika mkoba. Nyanchera angetosha. Kiti cha mtoto kingetosha pale pale palipokuwa na mkanda, lau mtu mmoja angesogea mbele kidogo. Kugeuza gari kulikuwa kazi ya kukata usukani tu, na kituo kilikuwa na nafasi ya kugeuza lori.

"Twende, kijana," alisema Angwenyi na kulaza kiti chake nyuma zaidi.

Jasper akaenda. Mtu asije akasema baadaye kwamba hakuona nafasi. Aliiona.

*

Nyanchera alikuwa ameshampigia mama yake simu. "Gari linakuja," alimwambia. "Mimi na mtoto hatumo." Mama Roselyne aliuliza kwa nini, akaambiwa. Kisha akasema tu, "Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya."

"Basi ngoja hapo."

Nyanchera alikuwa ameinamia mashine ili asimjibu mtu yeyote wa sokoni alipomwona Mzee Thadeus anakuja, amechafuka vumbi hadi magotini. Mzee alikwenda kukaa mwisho kabisa wa benchi. Kiti cha Bravin kilikuwa katikati ya veranda, kati yake na mashine. Hakumtazama Nyanchera, aliangalia barabara na kuongea na mjukuu wake, kama wazee wa huku wanavyofanya neno likiwa haliwezi kupelekwa moja kwa moja.

"Bravin. Mwambie mama yako mimi sikuulizwa."

Nyanchera aliinama kwa mtoto. "Bravin, mwambie sokoro, babu yako, pole kwa kutembea. Mwambie tuna chai."

Akaileta chai, akaiweka juu ya kigoda katikati ya njia, akarudi kwenye mashine yake. Mzee akanyanyuka akaichukua, akarudi mahali pake. Alikunywa nusu kabla hajaongea tena.

"Bravin, mwambie mama yako nilisikia jina langu likitajwa nyuma ya gari. Ati mimi ndiyo sababu hawezi kupanda. Mimi nimepanda pikipiki maisha yangu yote. Wangeniambia, ningepanda pikipiki mpaka Kenyenya nikafika mbele yao." Akakiweka kikombe juu ya benchi. "Hiyo heshima niliachiwa na baba yangu ili mwanamke aliyekuja kwetu akae akijua hakuna mzee atakayemsumbua. Haikuwekwa ili anyimwe gari. Mwambie hivyo. Mwambie nimetumika kama kiraka."

Nyanchera aliketi akishika kitambaa chini ya sindano bila kukishona, machozi yakashuka, na mzee akaendelea kuangalia malori yanavyopita ili asiyaone.

*

Kenyenya walikuwa wametandika vitambaa juu ya meza chini ya hema la kukodi. Majirani walikuwa wamekuja, akina mama wa kanisa wamevaa nguo za Sabato ingawa ilikuwa Jumapili. Gari lilipoingia uani, vigelegele vilianza na kisha vikafa kimoja kimoja, kwa sababu waliotoka garini walikuwa mtu wa suti, mama mwenye mkoba, na mkwe aliyekuwa hajui aweke mikono wapi.

Angwenyi alikohoa. Alikuwa na maneno tayari na hakuona sababu ya kuyaacha yaharibike.

"Wazazi wa Kenyenya, tumetoka Keroka tukiwa na furaha. Hatukuja mikono mitupu. Tumekuja na—"

Mama Roselyne alikuwa amenyanyuka kwenye kiti chake. Alikuja taratibu akiegemea mkongojo, akampita Angwenyi, akampita Jasper bila kumtazama, kwa sababu mama mkwe naye hamtazami mume wa binti yake machoni wala hamsemeshi ovyo. Chinsoni ina pande mbili, na Jasper alikuwa amesahau upande huu. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa gari, akaufungua. Akatia mkono akagusa kiti kitupu, akaupitisha mkono wake toka mwisho huu hadi mwisho ule, pote palipokuwa wazi.

Kisha akamgeukia Persis.

"Dada yangu," alisema, na ua wote ukasikia, "huyu aliyekaa mbele ndiye mjukuu mliyeniletea?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kanisa alishika mdomo. Persis aliangusha macho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakumtetea mwanawe.

"Mwambie kijana wako," Mama Roselyne aliendelea, akimwelekeza Persis maneno yote, huku Jasper amesimama karibu kabisa, "chakula kimepikwa na kimefunikwa. Kitafunuliwa mtoto akifika. Mwambie arudi alikomwacha. Mwambie aende peke yake, gari liwe na nafasi. Mgeni apumzike hapa. Mguu wake unauma, tumesikia."

Akina mama walileta kiti cha plastiki na kukiweka kivulini. Angwenyi alisimama akitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwambia kwamba ana mkutano saa kumi, lakini kila aliyemtazama alikuwa na kazi. Mwishowe akakaa. Hawakumletea hata soda.

*

Jasper aliendesha peke yake kurudi njia yote ile, Ogembo, Kisii, hadi Keroka. Kibao cha jua upande wa abiria kilikuwa bado kimeteremshwa kama Angwenyi alivyokiacha, na ile picha iliyokatwa kwa mstari mwekundu ikawa inamtazama kila alipoangalia kioo cha kushoto. Kwenye kona moja alinyoosha mkono akakipandisha. Baada ya mwendo kidogo akakishusha tena.

Alipofika, baba yake alikuwa bado mwisho wa benchi na mke wake mbele ya mashine, na mtoto katikati yao amelala ndani ya kiti. Mafundi wa viatu waliacha nyundo kwa mara ya pili siku hiyo.

"Val," alisema. "Mama yako amesema twende."

Nyanchera alimtoa mtoto akambeba begani, kisha akakisukuma kwa mguu kile kiti kitupu mpaka kikagusa viatu vya Jasper.

"Funga."

"Si wewe ndiye unajua vile—"

"Picha ziko ubavuni."

Jasper alikichukua. Aliingia nyuma ya gari kwa magoti yake, suruali yake nzuri ya ukweni ikapata vumbi, makalio yakabaki nje mlangoni mbele ya soko zima. Alipitisha mkanda mahali si pake, akautoa, akaupitisha tena. Alisoma picha. Akajaribu kumwita mke wake na mke wake alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni akitazama barabara. Muuza miwa alisema kitu kwa sauti ya chini na watu wakacheka. Jasper hakugeuka kuangalia nani.

"Tayari," alisema baada ya muda, akijipangusa.

Nyanchera aliinama, akashika kiti kwa mkono mmoja, akakitikisa. Kilicheza.

"Tena," alisema.

Jasper alimtazama baba yake kuomba msaada. Mzee Thadeus alikuwa ameshaingia kwenye kiti cha mbele, ameshika kile chuma cha chini na kukisogeza kiti mbele kabisa mpaka magoti yake yakagusa dashibodi. Alikuwa ameangalia mbele, kofia magotini, na hakugeuza kichwa.

Jasper akafungua mkanda, akaanza upya. Jasho lilikuwa linamdondoka puani na kuanguka kwenye kitambaa cha kiti. Alivuta, akaweka goti ndani, akavuta kwa uzito wake wote, akatoka anahema.

Nyanchera akakitikisa. Kilicheza kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine angekiacha.

"Tena."